Mzazi Ameandika Sifuri, Mwalimu Ameandika Tatu: Aaminiwe Nani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni madodoso mawili ya mtoto mmoja ambayo hayakubaliani. Mtoto anapochunguzwa kama ana hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, ambayo wengi huijua kwa herufi zake nne, ADHD, hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuithibitisha. Mchunguzi hutegemea mazungumzo, historia ya mtoto, uchunguzi wa mwili, na madodoso yanayojazwa na watu wanaoishi naye na wanaomfundisha. Watu hao wanapotofautiana, wazazi hufadhaika, walimu hulaumiwa, na mtoto hubaki katikati. Daktari wetu wa watoto amechagua barua nne.

Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto hatulii, hamalizi kazi na huwakatiza wenzake, hivyo nimpeleke akachunguzwe. Tulipewa madodoso mawili, langu na la mwalimu. Katika dalili 9 za upungufu wa umakini, mwalimu alitia alama za juu kwenye 7, mimi kwenye 3 tu. Mchunguzi alijumlisha, akagawa kwa mbili, akapata 5, akasema mtoto hajafikia 6, kwa hiyo hana ADHD. Mwalimu anadhani nimeficha ukweli ili mwanangu asipewe jina baya. Mimi nadhani mwalimu amemchoka mwanangu. Dodoso la nani lina uzito zaidi, na je, hesabu ile ilikuwa sahihi?
*Mama wa mtoto mmoja*

Marahaba, mama. Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiko kwenye kosa lililo wazi.

Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano lililotoka mwaka 2013, unataja dalili 18: 9 za upungufu wa umakini, na 9 za utukutu na pupa. Mtoto aliye chini ya miaka 17 anatakiwa awe na dalili zisizopungua 6 katika mojawapo ya makundi hayo mawili, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, kadhaa kati yake ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12, na ziwe zinamvuruga kweli katika masomo, nyumbani au kati ya wenzake. Halafu linakuja sharti ambalo ndilo hasa linalotufanya tumuulize mzazi na mwalimu pia: dalili kadhaa zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Naomba sharti hilo lisomwe polepole. Halidai dalili 6 nyumbani na nyingine 6 shuleni. Linasema dalili kadhaa. Zile 6 zinahesabiwa kwa mtoto mwenyewe, hazihesabiwi kwa kila karatasi.

Sasa rudi kwenye ile 5 ya mchunguzi wako. Mwalimu aliona dalili 7, wewe ukaona 3, lakini hakuna mtu yeyote aliyeona 5. Namba hiyo imezaliwa na kugawa, na mtoto haimhusu. Ilitakiwa madodoso yote mawili yawekwe sambamba mezani na kusomwa dalili kwa dalili. Tuseme kati ya dalili 3 ulizoziona wewe, 2 zimo katika zile 7 za mwalimu na 1 haimo. Basi mtoto ana dalili 8 zilizoonwa na angalau mtu mzima mmoja, na dalili 2 tu zilizoonwa na nyote wawili. Karatasi ni zilezile, ila ukizisoma kwa namna tatu unapata 8, 5 au 2, na kila namba inakupeleka kwenye uamuzi tofauti.

Wataalamu wana majina mepesi ya njia hizo. Ya kwanza ni kanuni ya “au”: dalili inahesabiwa ikiwa mzazi au mwalimu ameiona. Ya pili ni kanuni ya “na”: dalili inahesabiwa ikiwa wote wawili wameiona. Kanuni ya “au” huwanasa watoto wengi, wakiwemo baadhi wasiokuwa na tatizo hili. Kanuni ya “na” huwaacha nje wengi walio nalo, kwa sababu inamtaka mtoto awe na shida ileile, kwa kiasi kilekile, mbele ya watu wawili wanaomdai mambo tofauti kabisa. Watafiti waliovifanyia majaribio vigezo vya toleo la nne la mwongozo huo, lililotoka mwaka 1994, walitumia “au”. Utafiti mkubwa wa matibabu uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliohusisha watoto 579 wenye umri wa kati ya miaka 7 na 9, ulipita njia ya kati: ulianza na dalili zilizotajwa na wazazi, na pale mtoto alipokaribia kiwango bila kukifikia, uliruhusu kuongeza hadi dalili 2 alizoziona mwalimu.

Mimi binafsi naanza na “au” ninapohesabu dalili, kisha nakuwa mkali ninapofika kwenye suala la mazingira mawili na la madhara. Wastani una kazi yake, lakini kazi hiyo huja baadaye. Mtoto akishaanza kusaidiwa, wastani wa alama za mzazi na mwalimu unaweza kuonyesha kama hali inapungua kutoka muhula hadi muhula. Kutumia wastani kuamua kama mtoto ana tatizo au hana ni kuficha tofauti ambayo ndiyo yenye habari.

Kuhusu uzito: hakuna dodoso lililozaliwa na uzito kuliko jingine. Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 zilizolinganisha majibu ya watu tofauti kuhusu tabia za mtoto mmoja. Katika kipimo ambacho 0 ina maana kwamba majibu hayahusiani kabisa na 1 kwamba yanakwenda pamoja bila kuachana, watu wa nafasi moja, kwa mfano baba na mama, walipata wastani wa 0.60. Watu wanaomwona mtoto katika nafasi tofauti, kwa mfano mzazi na mwalimu, walipata 0.28. Mwaka 2015 Andres De Los Reyes na wenzake walirudia kazi hiyo kwa tafiti 341 za miaka iliyofuata, wakakuta wastani wa jumla uleule wa 0.28. Kwa hiyo, mama, wewe na mwalimu mmetofautiana kama wanavyotofautiana wazazi na walimu wengi sana waliokwisha kuulizwa maswali haya. Sioni sababu ya kuamini kwamba wewe umeficha kitu au kwamba yeye amemchoka mtoto.

Tofauti hutoka wapi? Niruhusu nikueleze juu ya mama mwingine, aliyewahi kukaa mbele yangu na dodoso lake magotini. Kwenye swali la kama mtoto hushindwa kumaliza kazi za shule, alikuwa ameandika 0, yaani haitokei kamwe. Mwalimu alikuwa ameandika 3, yaani hutokea mara nyingi sana. Sikumuuliza kama ana uhakika. Nilimuomba anieleze jinsi kazi ya jioni iliyopita ilivyofanyika, tangu daftari lilipofunguliwa. Akasema, “Nakaa naye. Naweka rula chini ya mstari anaousoma. Akimaliza mstari, naishusha. Nikiinuka kuangalia jiko, nikirudi namkuta anachora pembeni ya ukurasa.” Mama huyo hakusema uongo hata kidogo. Kazi ilikuwa inamalizika kila jioni, kwa hiyo 0 yake ilikuwa ya kweli. Lakini ile 0 ilikuwa ya watu wawili na rula moja. Darasani mtoto alikuwa peke yake na mstari wake, na 3 ya mwalimu nayo ilikuwa ya kweli.

Ndiyo maana ninasema tofauti kati ya madodoso ni swali linalodai kufuatwa, na ukilisawazisha kwa kugawa kwa mbili umelizima. Kwa kila dalili mliyoachana kwa alama 2 au zaidi, mchunguzi akuulize mambo mawili: hilo jambo linatokeaje hasa, na nani huwa karibu linapotokea? Kisha amuulize mwalimu hayohayo. Mara nyingi utakuta kwamba nyumbani hakuna anayemtaka mtoto akae kitini dakika 40, au kwamba mzazi ameshajifunza kutoa agizo moja moja bila hata kujua kuwa anafanya hivyo. Mara nyingine utakuta kinyume chake, kwamba shida iko darasani peke yake: mtoto hasomi vizuri, au haoni ubaoni, na hatulii kwa sababu hana cha kufanya. Katika hali hiyo jibu la ADHD lingekuwa kosa, hata kama alama za mwalimu ziko juu.

Kuna sehemu moja ya dodoso ambayo watu huipita haraka. Madodoso ya Vanderbilt, yanayotumika sana kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, yana maswali 55 kwa mzazi na 43 kwa mwalimu. Maswali ya dalili hujibiwa kwa 0 hadi 3, na dalili huhesabiwa kuwapo pale jibu linapokuwa 2 au 3. Lakini maswali 8 ya mwisho katika kila dodoso hayaulizi dalili. Yanauliza mtoto anasoma vipi, anaandika vipi, anaelewana vipi na wengine, kwa alama 1 hadi 5, na 4 au 5 ina maana kuna shida. Mtoto mwenye dalili nyingi asiyedhurika popote hatimizi vigezo. Omba kuonyeshwa sehemu hiyo katika madodoso yote mawili. Rudi kwa mchunguzi, mwombe madodoso yasomwe upya dalili kwa dalili, na kama inawezekana mwalimu naye aulizwe, hata kwa simu.

Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu. Nimeletewa dodoso la mtoto ambaye nimemfundisha kwa wiki 3 tu, katika darasa kubwa. Maswali mengine nayajibu kwa kukisia. Isitoshe, mtoto huyu ni mbishi na ananijibu vibaya, na nahofia hasira yangu isije ikaingia kwenye kalamu. Nifanyeje ili nimtendee haki?
*Mwalimu wa shule ya msingi*

Mwalimu, hofu yako ina msingi katika utafiti. Mwaka 1993 Howard Abikoff na wenzake waliwaonyesha walimu video za watoto darasani na kuwataka wawape alama. Mtoto aliyeonyeshwa kuwa mbishi alipewa alama za juu za utukutu na upungufu wa umakini kuliko alivyostahili kwa yale aliyoyafanya kwenye video. Kinyume chake hakikutokea: mtoto mtukutu hakuonekana mbishi kwa sababu tu ni mtukutu. Ubishi humwaga rangi yake juu ya tabia nyingine zote, na hili huwapata walimu wazuri na wenye nia njema.

Kinga yake ni kujibu kila swali kwa tukio. Kabla ya kuandika 3 kwenye “hupoteza vifaa vyake”, jiulize alipoteza nini wiki hii. Kama unalokumbuka ni kwamba alikujibu kwa ukali ulipomuuliza kalamu iko wapi, hilo lina maswali yake upande wa ubishi, liandike huko. Usipokumbuka tukio lolote, acha wazi na uandike pembeni kwamba hujaona. Nafasi iliyoachwa wazi haimpotoshi mchunguzi kama namba ya kukisia, ambayo ikishaandikwa haina tofauti na nyingine yoyote.

Wiki 3 ni chache, hasa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wakati watoto wote hawajatulia. Andika juu ya dodoso umemfundisha kwa muda gani na katika masomo yapi. Kama mwalimu wake wa mwaka uliopita anapatikana, pendekeza naye ajaze lake, kwa kuwa dalili zinatakiwa ziwe zimedumu miezi 6 na wewe huwezi kushuhudia miezi ambayo hukuwapo.

Jambo moja zaidi, ambalo ningependa kila mwalimu alifahamu. Tazama tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kabla ya kumlinganisha na wenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliochambua kumbukumbu za watoto 407,846 wa Marekani, uliangalia majimbo ambako mtoto anatakiwa awe ametimiza miaka 5 kufikia tarehe 1 Septemba ili aanze shule. Waliozaliwa Agosti, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, waliandikiwa ADHD kwa kiwango cha watoto 85.1 katika kila 10,000. Waliozaliwa Septemba, ambao ndio wakubwa kuliko wote, walikuwa 63.6 katika kila 10,000. Hakuna sababu ya maumbile inayomfanya mtoto wa Agosti awe na ADHD zaidi ya mtoto wa Septemba. Kilichotofautiana ni umri wa wale aliokaa nao. Mtoto anayezidiwa karibu mwaka mzima na jirani yake wa dawati ataonekana hatulii, na ukweli ni kwamba anatulia sawasawa na umri wake. Mzazi hana tatizo hili kwa kiasi hicho, kwani nyumbani hakuna watoto 40 wa kumlinganisha nao; hapo dodoso la mzazi linaweza kulisahihisha la mwalimu.

Daktari, mjukuu wangu wa miaka 7 naishi naye mimi. Wazazi wake wako mbali, humwona wakati wa likizo. Dodoso la mzazi alijaze nani?
*Bibi mlezi*

Shikamoo, bibi. Dodoso ulijaze wewe, kwa kuwa wewe ndiwe unayemwamsha, unayemlisha na unayemtuma. Neno “mzazi” juu ya karatasi lina maana ya mtu mzima anayeishi na mtoto. Wazazi wake watafaa sana kwa jambo jingine: historia ya ujauzito, kuzaliwa, kutembea, kuongea, na kama katika familia kuna mwingine aliyekuwa hivyo utotoni, kwani hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Kama macho yanakusumbua, omba usomewe maswali, ila majibu yawe yako. Anayekusomea asikusaidie kuchagua namba.

Daktari, binti yetu ana miaka 10. Mama yake anasema mtoto ana tatizo kubwa: kazi ya nusu saa huchukua saa tatu, husahau alichotumwa akiwa bado mlangoni, hulia kila jioni. Mimi naona ni mtoto wa kawaida mwenye ndoto nyingi. Mwalimu ameandika 0 karibu kila mahali na kuongeza kwamba ni mtoto mtulivu, hana shida. Basi ni wawili dhidi ya mmoja. Je, si tumwache mtoto apumzike na uchunguzi?
*Baba mwenye wasiwasi*

Ndugu yangu, hapa hatupigi kura. Mngekuwa watu kumi mliomwona mtoto asubuhi na mtu mmoja aliyemwona jioni, bado yule mmoja ndiye angekuwa shahidi wa jioni.

Nikuulize swali ambalo ningekuuliza kama ungekuwa mbele yangu: mara ya mwisho kukaa na binti yako tangu alipofungua daftari hadi alipolifunga ilikuwa lini? Sikulaumu. Ninataka kujua kama 0 yako inatokana na kuona au na kutokuwapo. Baba na mama hukubaliana zaidi kuliko mzazi na mwalimu, lakini nimetaja hapo juu kwamba hata wao hufikia 0.60 tu. Mama aliyechoka au mwenye huzuni anaweza kweli kuona tatizo kubwa kuliko lilivyo, na mchunguzi mzuri atamuuliza kwa upole hali yake mwenyewe. Baba asiyeshughulika na kazi za jioni naye anaweza kuona dogo kuliko lilivyo. Kila mmoja wenu ajaze dodoso lake peke yake, bila kusikilizana, na msilisawazishe kabla ya kulipeleka. Mkijaza pamoja mtampa mchunguzi maafikiano ya mume na mke, naye anachohitaji ni ushahidi wa kila mmoja.

Halafu tuje kwa mwalimu. Ameandika kwamba mtoto ni mtulivu, na mimi namwamini. Lakini utulivu si umakini. Dalili 9 za kundi la kwanza zinaweza kumpata mtoto asiyeinuka kitini hata mara moja, na watoto wa namna hiyo, ambao wasichana ni wengi miongoni mwao, hukosa kuonekana kwa miaka kwa sababu hawamsumbui mtu. Mwalimu mwenye darasa kubwa humwona anayevuruga somo. Anayetazama dirishani kimya humwona siku ya mtihani. Katika shida hii kanuni ya “na” huwatupa nje watoto wanaohitaji kuangaliwa.

Hata hivyo sisemi kwamba binti yenu ana ADHD. Saa tatu kwa kazi ya nusu saa inaweza kutokana na shida ya kusoma isiyogunduliwa, na wasiwasi, na usingizi mchache, na masikio au macho. Kifafa cha aina ya kuzubaa kwa sekunde chache, ambacho hakimwangushi mtoto, nacho kinaweza kuonekana kama ndoto za mchana. Yote hayo yanachunguzika, na machozi ya kila jioni yanatosha kuwa sababu ya kuyachunguza. Tusisahau pia kwamba mtoto mwingine hujibana siku nzima shuleni kwa nguvu zake zote, akifika nyumbani nguvu hizo zimeisha.

Kabla ya kuonana na mchunguzi, mwombe mwalimu jambo jepesi kuliko dodoso jingine: akuazime daftari za masomo mawili za muhula huu. Tazama kazi ambazo zimeanzwa zikaachwa katikati, maswali yaliyorukwa, mahali ambapo mwandiko unaanza vizuri kisha unalegea, na maneno ya mwalimu mwenyewe kwa wino mwekundu. Nimewahi kuona daftari la mtoto “asiye na shida” lenye neno “Malizia” kwenye kurasa kumi na moja. Ukikuta kitu cha namna hiyo, mrudie mwalimu na daftari mkononi, umuombe alitazame swali la kumaliza kazi mara ya pili. Na jioni moja wiki hii, kaa wewe na binti yako badala ya mama yake, tangu daftari linapofunguliwa hadi linapofungwa, kisha ndipo ujaze dodoso lako.